Stika Iache, Soma Maungio: Kukagua Fremu ya Zamani ya Mbio ya Kiitaliano

Wateja wangu wengi wa fremu za zamani huanza na picha ya simu. "Fundi, hii ni ya Kiitaliano kweli?" Picha yenyewe imepigwa upande wa mnyororo, jua linang'aa kwenye rangi, na jina kubwa liko kwenye paipu ya chini: Colnago, Bianchi, De Rosa, au jina ambalo hata mimi silijui. Muuzaji naye anasema kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa. Huyo mtu mwingine huwa yuko njiani siku zote.

Nikiona jina tu, sijaona kitu. Duka lolote la stika pale mjini litakukatia jina ulipendalo kabla chai yako haijapoa, na fremu iliyopakwa rangi upya huko Ulaya mara nyingi huvishwa stika mpya zilizochapwa kuiga za kale. Hakuna ubaya katika hilo. Ila wewe unayelipa unahitaji kusoma mahali ambapo rangi haifiki: maungio, midomo ya paipu, thredi, na ndani ya mashimo. Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe kibandani kwangu Kawangware, Nairobi, kwa utaratibu ninaoufuata. Beba tochi ndogo, sumaku, uzi wa mita 3, vania ya kupimia, kitambaa, na funguo za aleni namba 5 na 6.

Kabla ya yote, amua unaitakia nini. Kama ni ya kuning'iniza ukutani, basi asili ndiyo mali. Kama ni ya kuendesha Ngong Road asubuhi, asili ni hadithi tu, na kuna mambo mengine yatakayokuumiza kichwa zaidi. Nasema hivi kwa sababu kati ya miaka ya 1960 na 1980 wajenzi wa Uingereza, Japani na Marekani walijenga fremu nyingi kwa mtindo wa Kiitaliano, wakitumia paipu zilezile na vyuma vilevile. Fremu yenye paipu za Columbus kutoka Milano na vyuma vya nyuma vya Campagnolo kutoka Vicenza inaweza kuwa imejengwa na Mwingereza ambaye hajawahi kuikanyaga Italia. Na kwa barabara zetu na maduka yetu ya spea, huyo mwigaji mara nyingi ndiye ninayempendekeza. Sababu utaiona tukifika kwenye botomu, pale ekseli ya pedali inapokaa.

Sumaku na lagi

Bandika sumaku kwenye paipu ya juu. Isiponasa, kwa kawaida hiyo ni alumini. Waitaliano walizitengeneza pia: kampuni ya ALAN ilikuwa ikiunganisha paipu za alumini kwa thredi na gundi. Ni nyepesi na zinapendeza, lakini gundi ya miaka 40 siwezi kuiona kwa tochi, kwa hiyo hizo nawaachia wanaokusanya. Sumaku ikinasa, endelea.

Lagi ni zile soketi za chuma ambamo paipu huingia na kuungwa. Ukiwahi kuinama ukaitazama Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, kwa karibu, umeshaziona. Kanuni ni ileile: paipu inaingia kwenye lagi, fundi anapasha moto kwa gesi, kisha shaba ya manjano inayeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi na kufyonzwa kwenye upenyo mdogo ulio kati ya vyuma viwili. Wengine walitumia fedha, inayoyeyuka kwenye joto la chini zaidi na kuinyanyasa paipu kidogo. Chuma cha fremu chenyewe hakiyeyuki. Kinachotofautisha baiskeli ya kubeba mkaa na baiskeli ya mbio ni muda ambao fundi alikaa na tupa mkononi.

Washa tochi, iinamishe iangaze kwa ubavu, ufuate ukingo wa lagi pole pole kuzunguka paipu yote. Kwenye kazi nzuri, ncha ya lagi imepigwa tupa ikakonda hadi unene wa ukucha, na mstari unaotenganisha lagi na paipu hauna mapengo. Ukiona mwanya mweusi kama wa sindano, shaba haikufika hapo. Ukiona uvimbe wa shaba umemwagika juu ya paipu na kupakwa rangi hivyohivyo, fundi alikuwa na haraka. Nimeona majina makubwa ya Kiitaliano yenye lagi za kuaibisha, na fremu zisizo na jina ambazo ungefikiri mtu alizipiga tupa wiki nzima. Umaarufu wa Waitaliano ulitokana na mbio walizoshinda, na viwanda vilivyotafutwa na kila mtu vilikuwa vikitoa kazi nyingi kwa kasi. Usishangae.

Lagi zenyewe ni za aina mbili. Za zamani zilikatwa kutoka bamba la chuma, zikakunjwa na kuchomelewa, halafu mjenzi akazichonga apendavyo. Za baadaye, zilizoenea kuelekea miaka ya 1980, zilimiminwa kwenye kalibu, zikatoka na kona kali na unene ulio sawa kila mahali. Za kumiminwa hazihitaji tupa sana, kwa hiyo usafi wake haukuambii mengi kuhusu mkono wa fundi. Usafi wa lagi ya bamba unakuambia.

Michoro na matundu kwenye lagi ni saini. Colnago alipenda ua lenye majani matatu, De Rosa moyo. Lakini tundu la ua linaweza kukatwa na yeyote mwenye keekee ndogo, kwa hiyo kwangu michoro ni ushahidi wa ziada, na peke yake haisimamishi kesi.

Sitiposti inavyopiga hesabu

Hapa muuzaji huanza kuguna, kwa sababu sasa unataka kufungua kitu. Sisitiza. Legeza bolti ya siti, weka alama ya kimo kwa utepe, vuta sitiposti (nguzo inayobeba siti) nje, ipanguse, na upime kipenyo chake kwa vania au usome namba iliyochapwa upande wa chini.

Hesabu ni hii. Paipu ya siti ya fremu hizi ina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Paipu za Columbus za aina ya SL zina ukuta wa milimita 0.9 sehemu inayoungwa moto mkali, na 0.6 sehemu iliyobaki. Paipu ya siti ina unene huo mkubwa upande wa chini tu, kwenye botomu. Juu ni 0.6. Toa 0.6 mara mbili kwenye 28.6, unabaki na 27.4. Acha nafasi kidogo ya kuteleza, na sitiposti inayoingia ni ya 27.2. Columbus SP, iliyokusudiwa fremu kubwa na watu wazito, ina ukuta wa 0.7 hapo juu, kwa hiyo sitiposti yake ni 27.0. Ukivuta ukakuta 26.4 au 26, na inakaa vizuri bila kubanwa, ukuta wa paipu hiyo ni mnene, na maneno "SL" kwenye stika hayaendani na chuma.

Angalia mitego miwili. Wa kwanza ni sitiposti isiyo yake: mtu alipoteza ya 27.2 akaweka ya 26.8 na kuikaza mpaka masikio ya lagi yakakaribiana. Kwa hiyo tazama mpasuko ulio nyuma ya lagi ya siti. Kingo zake ziwe sambamba. Zikikutana juu kama mkasi, namba uliyosoma kwenye sitiposti ni ya uongo, na masikio hayo yanaweza kuwa na ufa kwenye mzizi. Mtego wa pili, Reynolds 531 ya Kiingereza iliyo nyembamba nayo huchukua 27.2. Kipimo hiki kinakuambia ubora wa paipu. Nchi ilikotoka hakikuambii.

Sitiposti ikikataa kutoka kabisa, punguza bei au ondoka. Alumini ikikaa miaka ndani ya chuma bila grisi huota kutu nyeupe na kushikana kama iliyochomelewa. Mafuta ya kupenyeza na subira huweza kuifungua. Nyundo na moto wa gesi kwenye ukuta wa 0.6 utakuachia paipu iliyopinda.

Botomu: hapa ndipo Italia inapojulikana

Botomu braketi, ile paipu fupi inayobeba ekseli ya pedali, ndiyo pasipoti ya fremu. Ipime upana kutoka mdomo hadi mdomo, bila kuhesabu vikombe vya beringi vinavyochomoza. Ya Kiitaliano ni milimita 70. Ya Kiingereza ni 68. Tofauti ya milimita 2 huwezi kuikadiria kwa jicho, na rangi nene inaweza kuongeza kidogo, kwa hiyo kwangua mdomo kwa ukucha kabla ya kubana vania.

Halafu soma kikombe chenyewe. Mara nyingi kimechapwa: 36x24 ni Kiitaliano, 1.37x24 ni Kiingereza. Namba ya pili ni idadi ya thredi katika inchi moja, na ni ileile kwa zote mbili, ndiyo maana watu hukosea. Ya kwanza ni kipenyo: milimita 36 kwa Mwitaliano, inchi 1.37 kwa Mwingereza, ambayo ni kama 34.8. Kikombe cha Kiingereza kitatumbukia ndani ya botomu ya Kiitaliano na kucheza kikipiga kelele. Cha Kiitaliano hakitaingia kwenye ya Kiingereza, isipokuwa mtu atumie nguvu, na wapo watu wa kutumia nguvu. Wafaransa nao walikuwa na 35 yenye thredi za milimita 1, na baadhi ya Raleigh za zamani zilikuwa na thredi 26 kwa inchi. Ndiyo sababu nawaambia vijana wangu wasijaribu kikombe cha Black Mamba kwenye kitu kingine chochote ati kwa vile kinaonekana kulingana.

Mwelekeo wa kufungua ni jambo la pili, na ndilo linaloharibu fremu. Kikombe cha kushoto kwenye fremu zote mbili hufunguka kinyume cha saa. Cha kulia, upande wa mnyororo, ndicho kinachotofautiana: cha Kiingereza kina thredi za kinyume, hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa, cha Kiitaliano kina thredi za kawaida, hufunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo pima upana kwanza, ndipo uchukue spana. Fundi asiyepima ataning'inia kwenye spana akizidi kukaza, na kikombe kikitoka kitatoka na thredi za fremu.

Thredi hizo za kawaida za upande wa kulia zina ugonjwa wake. Unapokanyaga pedali, mzunguko wa ekseli husukuma kikombe cha kulia kijilegeze polepole. Waingereza waliziba tatizo kwa thredi za kinyume, Waitaliano wakalitatua kwa kukaza sana. Ukijenga fremu ya Kiitaliano, safisha thredi za kulia kwa petroli, tia gundi ya thredi badala ya grisi, kisha kaza kwa spana ndefu na uzito wako. Kushoto tia grisi kama kawaida. Mteja akirudi na kelele ya "tik, tik" kila mguu wa kulia ukishuka, mimi huanzia hapo.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Katriji ya botomu (ekseli na beringi zikiwa kitu kimoja) ya thredi za Kiingereza utaipata Nairobi bila kuhangaika, kwa kuwa baiskeli nyingi za milimani zinaitumia hiyohiyo. Ya Kiitaliano itabidi uagize nje na usubiri. Ukibahatika, vikombe vya zamani bado ni vizima: viangalie njia ya gololi, na kama haina mashimo, nunua gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, kwenye maduka ya beringi ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Grisi mpya, na safari inaendelea kwa gharama ya sahani ya pilau. Lakini njia ya gololi ikiwa imeliwa, ndipo utakapoutamani ule mwigo wa Kiitaliano wenye botomu ya Kiingereza.

Kuna kitendawili kimoja ninachopenda kuwaonyesha wateja: botomu yenye upana wa 68 na thredi za 36. Hiyo mara nyingi ni fremu ya Kiingereza ambayo thredi zake ziliharibika, kisha fundi akazikata upya kwa kipimo cha Kiitaliano kwa kuwa ni kikubwa zaidi. Ni matengenezo halali na hudumu. Ila muuzaji akikuonyesha kikombe cha 36x24 kama ushahidi wa Italia, sasa unajua kupima upana. Fremu ya Kiitaliano yenyewe ikiharibika thredi hakuna kipimo kikubwa cha kukimbilia. Kilichobaki ni katriji isiyotumia thredi, ile inayojibana kwenye midomo ya botomu, nayo ni ya kuagiza.

Ukiwa umeshatoa vikombe, usikimbilie kuvirudisha. Mulika ndani. Kwenye kazi nzuri utaona mdomo wa paipu ya siti umekatwa mviringo ukakumbatia paipu ya chini, na shaba imejaa kwenye kona. Kwenye kazi ya rahisi, paipu zimechomekwa tu kama zilivyokatwa kwa msumeno. Na ukiona mbavu tano zilizojikunja kwa ndani kwenye mwisho wa paipu ya chini na ya siti, hiyo ni Columbus SLX ya miaka ya 1980. Mbavu hazibandikiki, na ni mojawapo ya mambo machache ya kukufanya uamini stika.

Foki

Legeza bolti ya stemu, ile shingo inayoshika usukani, kwa aleni 6, mizunguko michache tu, halafu gonga kichwa cha bolti kwa kipande cha ubao ili kabari ya ndani iachie. Fungua nati za hedseti (beringi za paipu ya kichwa), toa foki chini, na uweke kitambaa, la sivyo gololi zitaingia mtaroni. Mulika ndani ya shina la foki kutoka chini. Mbavu tano za kujikunja, zikianzia upande wa bega na kupotea kuelekea juu, ni Columbus SL au SP au ndugu zao wa juu. Mara nyingine nje ya shina kumechapwa njiwa wa Columbus. Lakini kumbuka foki hubadilishwa: foki ya Columbus inaweza kukaa kwenye fremu ya paipu za maji.

Nati za hedseti zisitengane na foki yake. Ya Kiitaliano ni inchi 1 yenye thredi 24, kama ile ya kimataifa, ila pembe ya thredi ni nyuzi 55 badala ya 60. Nati ya moja huingia kwenye nyingine kwa kusuasua, na kila ukirudia unakula chuma. Weka zote kwenye mfuko mmoja na uandike.

Kisha pitisha kidole chini ya paipu ya juu na ya chini, kama sentimita 5 nyuma ya lagi za mbele. Fanya hivyo ukiwa umefumba macho, maana rangi humdanganya mtazamaji kuliko mguso. Ukihisi tuta dogo au mkunjo, baiskeli hii iligonga kitu kwa mbele. Rangi iliyopasuka mstari wa kukata paipu hapo ni dalili hiyohiyo. Kwa fremu ya kuendesha, mimi sijadili bei tena baada ya tuta hilo.

Nyuma

Dropauti, vile vyuma vinavyoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, vikiandikwa Campagnolo vinathibitisha kuwa dropauti ni za Campagnolo. Basi. Kila mjenzi aliyejiheshimu duniani alizinunua. Za zamani ni ndefu na mlalo, zenye bolti nyembamba za kurekebisha nyuma. Hizo bolti hukatika ovyo, kwa hiyo zilainishe kwa mafuta usiku kucha kabla ya kugusa bisibisi. Faida ya mlalo ni kwamba ukitaka gia moja, unavuta gurudumu nyuma na mnyororo unakaza bila kifaa chochote.

Pima nafasi kati ya dropauti kwa ndani. 120 ni enzi ya gia 5 nyuma, 126 ni gia 6 au 7, na 130 ni gia 8 na kuendelea. Magurudumu ya mbio ya breki za rimu unayoyapata leo ni ya 130. Fremu ya chuma ya 126 inaweza kupanuliwa baridi hadi 130, milimita 2 kila upande, kwa mkono na ubao, ukipima kila mara. Ukiwa na ya 120 ukaipeleka hadi 130, kiunganishi cha miguu ya nyuma kitalalamika, na mimi singeifanya.

Kabla na baada ya kupanua, tumia uzi. Funga kwenye dropauti ya kushoto, zungusha mbele ya paipu ya kichwa, rudisha kwenye dropauti ya kulia, kaza. Pima umbali kati ya uzi na paipu ya siti, kushoto na kulia. Zikilingana, nyuma na mbele ziko mstari mmoja. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, mguu mmoja umepinda, na baiskeli itakuwa ikikuvuta upande mmoja ukishuka Limuru Road kwa kasi, jambo ambalo hutaki kuligundulia huko.

Hapohapo pima nafasi ya tairi kwenye miguu ya nyuma na chini ya bega la foki. Fremu nyingi za Kiitaliano za mbio zilibanwa sana ili ziwe fupi na kali. Tairi la upana wa milimita 25 linapita, la 28 linagusa. Barabara zetu unazijua. Fremu isiyokubali 28 utaipenda Jumapili asubuhi kwenye lami mpya, na kuichukia siku nyingine zote.

Umri na kimo, kwa haraka

Namba chini ya botomu usiipe uzito. Wajenzi wengi wa Kiitaliano hawakuwa na mfuatano unaoeleweka, na wengine hawakuchapa kitu. Angalia vishikio vya waya. Fremu isiyo na kishikio chochote kilichoungwa, ambako waya wa breki na wa gia ulishikwa kwa bangili za kufunga, mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Kadiri vishikio vya kuungwa vinavyoongezeka, vya gia, vya chupa ya pili, vya waya unaopita chini ya botomu, ndivyo unavyoingia miaka ya 1980. Breki inayofungwa kwa nati ya kujificha ndani ya tundu, ya kutumia aleni, nayo ni ya upande huo wa baadaye.

Kimo Waitaliano wengi walipima kutoka katikati ya botomu hadi katikati ya paipu ya juu. Waingereza wengi hadi juu kabisa. Kwa hiyo 56 ya Milano iko karibu na 57 au zaidi ya London. Mteja akisema "natumia 56", mimi humuuliza ya nani.

Kutu, rangi na moto

Kutu ya juu ya rangi hainitishi. Ya ndani ndiyo ninayoitafuta: pindua fremu kichwa chini uitikise juu ya gazeti. Unga mwekundu kidogo ni kawaida, vipande vyenye umbo la magamba si kawaida. Gonga paipu ya chini kwa sarafu ukitoka kwenye kichwa kuelekea botomu, maana maji ya mvua hukusanyika huko. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa butu, pabonyeze kwa kidole gumba. Kromu iliyovimba kwenye mguu wa kulia wa nyuma, ule unaopigwa na mnyororo, ikwangue kidogo uone chuma kilivyo chini yake. Chini ya bangili za waya kwenye paipu ya juu pia, pale jasho la mwenyewe wa kwanza lilipokuwa likikaa.

Paipu ikihitaji kuungwa, usiipeleke kwa fundi wa welding ya umeme aliyeko karibu na stendi, hata akiwa ndiye aliyekutengenezea geti. Ukuta wa milimita 0.6 utatoboka kabla hajainua kioo cha macho. Tafuta fundi wa gesi mwenye mkono mwepesi, anayejua kuunga kwa shaba au fedha, na umwombe akuunganishie kwanza vipande viwili vya bomba jembamba uone.

Kwa rangi, wakatalie kabisa grainda kwenye lagi. Diski moja itafuta kazi yote ya tupa tuliyoisifia hapo juu, na itakondesha paipu bila mtu kujua. Tumia dawa ya kubabua rangi, brashi ya waya laini, na msasa kwa mkono. Rangi ya poda ya kuokwa, wanayopaka Industrial Area, ni ngumu na bei yake ni nafuu, lakini huja nene na kuzika kingo za lagi. Waambie wapige safu moja nyembamba. Kabla fremu haijaondoka kwako, ziba thredi za botomu kwa vikombe vya zamani, ziba paipu ya kichwa, ziba tundu la deriela (kibadilisha gia cha nyuma), na funika nyuso za dropauti kwa utepe unaostahimili joto. Ikirudi, pitisha sitiposti kavu kwanza. Ikikwama, kuna poda ndani ya paipu: itoe kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, polepole, ukijaribu kila baada ya muda, kisha tia grisi nyingi ndipo ufunge siti.